Mtoto Anapokataa Chakula

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, ila ongeza sauti ya redio kidogo. Kama mtoto amelala, basi kaa kitako tuzungumze.

Leo tuna swali ambalo halikosekani siku ya kliniki. Mama anafika na mtoto mgongoni, anakaa kwenye benchi, na zamu yake ikifika anasema: "Sista, huyu hataki kula. Nikimpa uji anageuza uso. Analia siku nzima, hata nikimbeba. Hachezi na wenzake. Nipe dawa ya kumtia hamu ya kula."

Jirani amekwisha kumwambia mama huyo kwamba mtoto amedeka, achapwe. Nyanya amesema ni meno yanaota. Baba amenunua chupa ya dawa ya hamu dukani. Lakini bado mtoto anageuza uso.

Mama mpendwa, leo nataka ushike jambo moja tu. Hamu ya kula haikai tumboni peke yake. Inakaa kichwani, ndani ya ubongo. Na ubongo huo unajengwa na kuendeshwa na chakula unachompa mtoto. Kwa hivyo, tunaposema mtoto amedhoofika kwa sababu hali, tunasema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii: mara nyingi mtoto hali kwa sababu tayari amepungukiwa. Hapo kiboko hakisaidii. Tuanze kwa kuangalia ndani ya bakuli.

Tuangalie bakuli

Tumfikirie mtoto wa miezi 18. Mama yake amepata mimba nyingine, akamwachisha kunyonya ghafla. Asubuhi mtoto anapewa uji mwepesi wa unga wa mahindi na sukari. Mchana ni ugali uliolainishwa na mchuzi wa sukumawiki. Jioni ni ugali tena, au chai na mkate. Tumbo linajaa. Mama ana hakika kwamba mtoto amekula mara tatu, na kweli amekula.

Sasa tupige hesabu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji protini kama gramu 13 kwa siku. Kikombe cha uji mwepesi kilichopikwa kwa vijiko viwili vya unga wa mahindi hakifikishi hata gramu 2. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maziwa kina kama gramu 8. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyoiva ina kama gramu 7. Umeona tofauti? Mtoto wetu anashiba maji na wanga, lakini vya kujenga mwili vimekuwa haba.

Protini ni nini hasa?

Shuleni tulifundishwa kwamba protini ni chakula cha kujenga mwili. Ni kweli, lakini tuingie ndani kidogo. Protini imetengenezwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi za amino. Ziko aina 20. Kati ya hizo, 9 mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula.

Fikiria mama anayetunga shanga. Mtindo wake unataka nyekundu, nyeupe, buluu, kisha nyekundu tena. Nyeupe zikimwishia, kazi inasimama, hata kama nyekundu zimejaa kikapu. Mwili hufanya vivyo hivyo. Asidi moja ya amino ikikosekana, zile nyingine haziwezi kujenga ipasavyo.

Mahindi yana upungufu wa asidi mbili za muhimu sana. Moja inaitwa laisini, na nyingine inaitwa triptofani. Maharagwe, kunde, ndengu na mbaazi zina laisini nyingi. Nazo zimepungukiwa na asidi nyingine inayoitwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ndiyo maana githeri ni chakula cha akili. Mahindi na maharagwe yakikutana katika sufuria moja, kila mmoja anajaza pengo la mwenzake. Mseto wa mchele na ndengu unafanya kazi hiyo hiyo. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kuchanganya.

Kutoka sufuria hadi kwenye ubongo

Seli za ubongo huzungumza kwa kutumiana kemikali, kama vile sisi tunavyotumiana ujumbe kwa simu. Baadhi ya kemikali hizo hutengenezwa moja kwa moja kutokana na asidi za amino.

Triptofani ndiyo inayotengeneza serotonini. Kemikali hii ina mkono katika hali ya moyo, katika usingizi, na katika kuufahamisha ubongo kwamba sasa nimeshiba. Asidi nyingine, tirosini, ndiyo inayotengeneza dopamini. Dopamini inahusika na ari: ile nguvu ya kutaka kitu, kukifuata na kukifurahia.

Ari hii ni muhimu kiasi gani? Mwaka 1995, watafiti nchini Marekani walieleza habari za panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza dopamini. Panya hao hawakuwa na kidonda wala ugonjwa wa tumbo. Chakula kiliwekwa mbele yao, nao walikaa tu bila kula wala kunywa. Wangekufa njaa chakula kikiwa puani. Walipopewa dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, walikula.

Sisemi kwamba mtoto wako ni kama panya hao. Upungufu wao ulikuwa wa kuzaliwa, na ulikuwa mkubwa mno. Ninachotaka uone ni kwamba kula huanzia kichwani, kwa kutaka kula.

Kuna utafiti mwingine wa panya, nao umerudiwa mara nyingi. Ukimpa panya chakula kizuri lakini ukatoa asidi moja tu ya amino kati ya zile za lazima, atakula kidogo kisha ataacha, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha. Sehemu moja ya ubongo wake imetambua kwamba kuna kitu kinakosekana. Anakataa chakula kisichokamilika, aende kutafuta kingine. Lakini mtoto wa miezi 18 hawezi kwenda kutafuta kingine. Yeye anakula kile kilicho mikononi mwako.

Jambo la tatu ni njia ya kuingia ubongoni. Asidi za amino hupitia mlango mwembamba, tena zinagombania. Ni kama matatu ya mwisho jioni. Nafasi ni chache na abiria ni wengi. Mahindi yana asidi iitwayo lusini kwa wingi, na triptofani kidogo. Lusini zinajaa mlangoni, triptofani chache zinabaki nje. Kwa hivyo suluhisho si kuongeza sima juu ya sima. Ni kubadilisha kilichomo ndani ya mlo.

Niseme ukweli pia. Yai moja la leo asubuhi halitamfanya mtoto acheke saa sita mchana. Mwili una njia zake za kusawazisha mambo, na hasira ya mtoto ina sababu nyingi. Tunazungumza juu ya lishe ya kila siku, wiki baada ya wiki.

Ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi

Mwaka 1933, daktari aliyeitwa Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Aliandika juu ya watoto waliovimba miguu, waliobadilika rangi ya nywele na ngozi, waliokuwa wakilishwa mahindi karibu matupu. Mwaka 1935 alitumia jina ambalo akina mama wa kabila la Waga walilitumia: kwashiakoo, yaani ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Kwa Kiswahili tunauita pia unyafuzi.

Akina mama wale walikuwa wamekwisha kuona jambo ambalo vitabu vilikuwa bado kuliandika. Mtoto anayeachishwa ziwa ghafla, akaingia kwenye uji mtupu, anapoteza maziwa yaliyokuwa yakimpa protini bora.

Na dalili za unyafuzi si kuvimba tu. Mtoto hana raha. Ananuna, analia kwa sauti ya kunung'unika, hataki kuguswa, hatazami vitu vya kuchezea. Na hana hamu ya kula. Anayehitaji chakula kuliko wote ndiye anayekikataa.

Leo tunajua kwamba unyafuzi hausababishwi na upungufu wa protini peke yake. Maambukizi na vijidudu vya tumboni pia vimo. Jambo hilo lilionekana wazi katika utafiti wa mapacha nchini Malawi uliochapishwa mwaka 2013. Pia huko Malawi, watafiti walipima damu ya watoto 313 wa umri wa miezi 12 hadi 59, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Watoto waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi zote 9 za lazima kuliko wenzao waliokua vizuri. Hilo halithibitishi kwamba upungufu huo ndio uliowadumaza. Lakini linatukumbusha kwamba mtoto anaweza kuonekana ameshiba huku damu yake ina pengo.

Hapa kwetu Kenya tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto 35 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 18 kati ya 100. Ni hatua nzuri, lakini hao 18 nao ni watoto wetu.

Tulichojifunza Embu

Labda unauliza: je, chakula kinabadilisha kweli akili na tabia ya mtoto? Kuna jibu la hapa nyumbani. Kuanzia mwaka 1998, kwa muda wa miaka miwili, watafiti walifuata watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 za iliyokuwa wilaya ya Embu. Shule nyingine zilipewa githeri yenye nyama. Nyingine githeri na maziwa. Nyingine githeri iliyoongezwa mafuta. Na nyingine hazikupewa chakula hicho.

Watoto waliokula githeri yenye nyama waliwashinda wote katika jaribio la kufikiri na kutatua mafumbo ya michoro. Katika hesabu, waliopewa nyama na waliopewa githeri yenye mafuta waliwapita wale ambao hawakupewa kitu. Tena uwanjani, wale wa nyama ndio waliochangamka zaidi, wakaanzisha michezo na kuwaongoza wenzao.

Nyama haina protini peke yake. Ina madini ya chuma, zinki na vitamini B12, navyo vyote vinafanya kazi ubongoni. Zinki ikipungua, hamu ya kula nayo hupungua. Kwa hivyo tusifikirie protini kama dawa ya peke yake. Mara nyingi chakula chenye protini nzuri huja na wenzake.

Protini ileile hutuliza njaa

Kuna jambo ambalo huwachanganya wengi. Protini humsaidia aliyepungukiwa arudishe nguvu na hamu, lakini pia humsaidia aliye mzima asipate njaa mapema. Ukila protini, utumbo hutoa homoni zinazopeleka habari ubongoni kwamba chakula kimefika. Ndiyo maana ukinywa chai na mandazi saa moja asubuhi, kabla ya saa nne tumbo linaita. Ukila mandazi hayo na mbaazi, unafika mchana umetulia.

Hili linakuhusu wewe mama pia, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Mama mwenye njaa huwa mwepesi wa hasira, na mtoto asiyetaka kula anahitaji mlezi mwenye subira. Usijinyime ukaacha yote kwa baba na watoto.

Sasa tufanye nini jikoni?

Kwanza, usimwachishe mtoto kunyonya ghafla. Mimba mpya haifanyi maziwa ya mama kuwa mabaya. Mama wengi hunyonyesha wakiwa wajawazito bila shida. Muulize muuguzi wako. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee hadi miaka 2 na zaidi huku akila vyakula vingine.

Pili, uji uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, uji usimwagike kama maji. Upike kwa maziwa, au ongeza njugu zilizosagwa laini. Chagua njugu kavu zisizo na ukungu, na usimpe mtoto mdogo njugu nzima, zinaweza kumkaba.

Tatu, omena. Ni samaki mdogo wa bei nafuu, mwenye protini kamili. Osha, kausha, kaanga bila mafuta hadi iwe kavu, kisha saga peke yake na uhifadhi kwenye mkebe safi. Tia kijiko kimoja kwenye mchuzi au viazi vya mtoto vinapoiva. Usisage maharagwe mabichi pamoja na unga wa uji, kwa sababu uji huiva mapema na maharagwe hubaki mabichi. Yapike peke yake hadi yaive kabisa, kisha yaponde.

Nne, yai. Wako wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kuongea. Si kweli. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula yai lililoiva vizuri. Kama una kuku wawili uani, usiuze mayai yote ili ununue soda na mkate.

Tano, chai isiwe chakula cha mtoto. Inajaza tumbo dogo, na inazuia mwili kutumia madini ya chuma.

Sita, mlishe kwa utaratibu. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtazame usoni, zungumza naye, mpe nafasi ashike chakula mwenyewe. Usimshike pua wala kumlazimisha. Mtoto anayelishwa kwa vita hujifunza kuogopa bakuli. Na kumbuka dawa ya minyoo kila miezi 6 akishatimiza mwaka 1.

Usingoje nyumbani

Sasa sikiliza kwa makini. Kuna wakati ambapo jikoni si mahali pa kutibu. Bonyeza juu ya miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu taratibu. Ukiondoa kidole na shimo likabaki, huo ni uvimbe wa hatari. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia ikiwa utepe wa kupima mkono unaonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5. Vilevile kama anakataa kila kitu, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, au haamki vizuri. Utepe ukionyesha manjano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, usipuuze, aanze kufuatiliwa.

Na tafadhali, mtoto aliyevimba usimshindilie mayai na nyama nyumbani ukidhani unamponya. Mwili wake umechoka, hauwezi kubeba mzigo huo kwa ghafla. Hospitalini huanzishwa kwa maziwa maalum yenye protini kidogo, kisha huongezwa polepole. Ndiyo maana wauguzi hupima kwanza kama ana hamu ya kula kabla ya kuamua atibiwe nyumbani au alazwe. Kwao hamu ya kula ni kipimo, kama joto la mwili.

Na siku moja utaona ajabu. Mtoto aliyekuwa amenuna atakutazama, atanyoosha mkono kutaka kijiko, atatabasamu. Wauguzi hufurahi sana kuona tabasamu hilo. Hujua mtoto ameanza kurudi.

Mambo ya kukumbuka

Hamu ya kula hutoka ubongoni, na ubongo hutegemea chakula.

Tumbo kujaa si sawa na mwili kushiba.

Changanya nafaka na jamii ya maharagwe kila siku, na uongeze yai, maziwa, omena au nyama kila unapoweza.

Mtoto anayekataa chakula na asiye na raha hajadeka tu. Mpeleke apimwe uzito na mkono, na ubebe kile kijitabu cha mama na mtoto.

Mama, leo jioni kabla ya kumpa mtoto chakula, tazama ndani ya bakuli. Jiulize: ni kitu gani humu kinachomjenga? Usipokiona, tafuta kimoja tu cha kuongeza. Kesho tena uongeze.

Kama una jirani ambaye mtoto wake anageuza uso, usimwambie amchape. Mwambie haya uliyoyasikia leo, na umsindikize kliniki.